Plagi na Bomba la Kijani

Mtaa wetu una desturi ambayo hakuna anayekumbuka nani aliianzisha. Umeme ukikatika, kabla mtu hajatafuta tochi, anafunga madirisha kwanza. Ndipo majenereta yanawashwa. Ukizembea, moshi wa jirani unaingia dukani na kukaa humo mpaka jioni, na gauni la harusi la mteja linanuka dizeli. Mimi ni fundi cherehani na najua ninachosema. Komeo la dirisha langu nimeshalibadilisha, maana la kwanza lililika kwa kufungwa na kufunguliwa.

Mdogo wangu wa kiume ni fundi wa majenereta. Karakana yake inapakana ukuta na duka langu, kwa hiyo anayenipa umeme na anayenifukiza moshi ni mtu huyo huyo mmoja, na nilishamsamehe zamani. Kazi anaijua, hilo nalisema hata nikiwa nimemkasirikia. Mashine anaitibu kwa sikio. Huinamisha kichwa, hufumba jicho moja, kisha atakwambia ni valvu au ni pampu, na mara nyingi hakosei. Akiwa anakula, jenereta la jirani likikohoa, tonge linabaki hewani mpaka ajue linaumwa nini. Wifi yangu amelalamika mpaka amechoka.

Kila anachokarabati hukipaka rangi ya kijani. Aliwahi kununua madebe ya rangi kwa ajili ya geti la nyumbani, ikazidi, na tangu hapo kila tangi, kila fremu na kila bomba linalopita mikononi mwake linatoka na kijani hicho hicho. Ukipita mjini ukaona jenereta lenye rangi ya geti letu, jua ni mkono wake.

Binti yake tunamwita Plagi. Alipokuwa mdogo aliokota plagi zilizokufa pale karakanani na kuzijaza mifukoni, na ni mimi niliyeshona mifuko hiyo kila ilipochanika kwa uzito. Baba yake aliona dalili njema. Kabla mtoto hajamaliza shule ya msingi alikuwa anafungua kabureta, anaisafisha na kuirudisha bila kubakiza skrubu mezani, jambo ambalo vijana wakubwa kuliko yeye lilikuwa linawatoa jasho. Siku aliyomaliza sekondari, mdogo wangu alipanda ngazi akapaka ubao mpya juu ya mlango: FUNDI NA BINTI. Kwa rangi gani, sina haja ya kusema.

Ila mimi nilikuwa nimeshaona jambo ambalo yeye hakuliona. Plagi alikuwa akifanyia kazi zake za shule dukani kwangu, kwenye meza ya kukatia vitambaa. Siku moja umeme ulikatika, nikafunga dirisha, jenereta likanguruma ukutani, taa ikawaka. Chumba kikawa tanuri. Jasho la mtoto likawa linadondokea daftari la hesabu na wino ukaanza kutambaa. Akaweka kalamu chini, akanitazama kana kwamba kosa ni langu.

"Shangazi, kwa nini tukiwa na taa hatuna hewa, na tukiwa na hewa hatuna taa?"

Nilimwambia amalize hesabu. Mimi nikikosa jibu hujifanya nina haraka.

Jibu alikuja kulipata kwa mwalimu wa sayansi. Mwalimu huyo alipasua maji kwa betri mbele ya darasa, mapovu ya haidrojeni yakapanda upande mmoja na ya oksijeni upande wa pili. Alipokuwa akikunja nyaya zake akasema, kama mtu anayejisemea, kwamba jambo hilo linawezekana kinyumenyume pia: ukizikutanisha hizo gesi mbili kwa utaratibu wake, zinakupa umeme na kukurudishia maji. Plagi alikuja dukani mbio, sare imemganda mgongoni, akaniambia kuna mashine ambayo bomba lake la moshi linatoa maji. Nikamwambia aache kutia chumvi. Akaapa.

Chuo kikuu alisoma kemia. Baba yake alikuwa ametarajia uhandisi wa mitambo, lakini akajipa moyo kwamba kemia nayo ni elimu ya mafuta na oili, kwa hiyo mtoto hajapotea mbali. Alipomaliza na kutangaza kwamba anaendelea na shahada ya uzamili, atafiti seli za haidrojeni, hapo ndipo moyo wa mdogo wangu ulipogoma. Kikaitishwa kikao. Kilifanyika dukani kwangu kwa sababu ndiko kwenye viti vinavyofanana.

Plagi alieleza vizuri, hata mimi nilielewa. Kuna mabamba mawili, na katikati yake kuna utando laini kama mfuko wa plastiki, umepakwa unga mweusi wenye chembe za platinamu. Haidrojeni inapita upande huu, hewa ya kawaida upande ule, umeme unatoka, maji yanadondoka. Hakuna kinachowaka moto. Wataalamu wanaiita seli ya mafuta, na mdogo wangu alipouliza mafuta yanamiminwa wapi akaambiwa hakuna mafuta. Akanigeukia mimi kama vile ni mimi niliyemfundisha mtoto kumfanyia mzaha.

"Inangurumaje?" akauliza.

"Haingurumi, baba. Iko kimya."

"Mashine iliyo kimya imekufa. Wewe unataka kwenda kusomea maiti."

Nilimwambia achunge mdomo wake. Uso ukamshuka, na nikamwonea huruma kwa sababu rangi ya ule ubao ilikuwa bado inang'aa. Alikaa akijifuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko vidole vyenyewe. Mwisho akatoa neno.

"Nenda. Lakini siku ya kuwaonyesha hao maprofesa wako, kidude hicho kikizimika mbele yao, unarudi hapa unashika karakana, na hatutaligusa tena jambo hili."

Plagi akanyoosha mkono. Wakapeana mikono mbele yangu, vichwa vigumu wote wawili, nami nikawa shahidi bila kuombwa. Mdogo wangu akaongeza kuwa hatakanyaga huko maabara mpaka siku hiyo.

Chumba alichopewa chuoni kilikuwa stoo ya viti vibovu, nyuma ya jengo la utawala. Alimpigia baba yake simu akamwambia hivyo hivyo: baba, nimepewa stoo ya viti. Nadhani mdogo wangu alifurahi kidogo. Plagi alivitoa viti, akapiga chokaa, akaweka meza, mtungi wa haidrojeni akaufunga kwa mnyororo ukutani, na kompyuta ndogo yenye betri yake ikawa inachora mstari wa umeme unaotoka kwenye seli. Mstari ukinyooka, mambo safi. Ukishuka, seli inaumwa.

Nilikwenda kumtembelea. Nilimkuta na profesa wake, mama mwembamba anayetumia maneno kama mtu anayenunua kwa rejareja. Aliniuliza nashona nini, akashika pindo la gauni langu akalitazama kwa makini, na nikampenda papo hapo. Shabaha yake ilikuwa moja. Alitaka seli inayoweza kuishi mitaani, siyo inayolelewa kwa hewa safi ya mtungi. Kwa hiyo pampu ya Plagi ilivuta hewa ya nje kupitia mpira uliopenya tundu la ukutani. Na nilimwona Plagi akipuliza ule wino mweusi kwenye utando kwa bunduki ndogo ya rangi, mkono unakwenda na kurudi bila kutetemeka. Hakufundishwa na profesa kupuliza vile. Mkono ule ulitoka karakanani kwa baba yake.

Seli ya kwanza ilikubali. Aliniita kwa simu niisikilize, tukacheka wote, maana hakukuwa na cha kusikiliza.

Miezi ile ile mdogo wangu naye alipata kazi chuoni. Walimwita kulifufua jenereta kubwa la jengo la utawala. Alilifufua, na kwa vile maofisa walilalamika moshi unawaingilia madirishani, akawatatulia na hilo. Alitamba mtaani wiki nzima. Akasema sasa na yeye ameingia chuo kikuu, tena bila mtihani.

Baada ya hapo mambo ya Plagi yakaanza kwenda kombo. Mstari ulikuwa unanyooka siku mbili tatu, kisha unaporomoka. Unapanda tena kidogo, lakini haufiki ulipokuwa. Halafu unaporomoka zaidi. Alibadilisha utando. Akabadilisha wino. Akadhani maji yanajaa ndani na kuizamisha seli, akatengeneza upya mifereji ya kwenye mabamba. Wapi. Jambo moja tu alikuwa na uhakika nalo, kwamba balaa huja umeme unapokatika. Kila mtu pale, pamoja na profesa, alikubali kuwa basi ni mshtuko wa umeme unaovuruga vipimo, wakaazima kifaa cha kuutuliza. Kikafungwa, kikawaka taa zake nzuri, na mstari ukaporomoka vile vile.

Profesa hakumficha. Jopo lingekutana mwisho wa muhula. Kama seli isingeweza kuhimili mpaka hapo, meza angepewa mwanafunzi mwingine na Plagi angehamishiwa mada ya kukaa na kompyuta na kukokotoa. Kwa wengine hilo lingekuwa pigo dogo. Kwa Plagi lilimaanisha ubao wa kijani, aproni ya karakana, na mdomo kufungwa. Alikonda. Alikuja kwangu Jumamosi, akaketi kwenye meza ile ile ya kukatia vitambaa, akawa anachora chora kwa chaki yangu. Mimi nikawa napinda pindo la suruali ya mtu na kumwacha, kwa sababu kuna huzuni ambayo ukiihoji unaichokonoa.

Umeme ukakatika. Nikanyanyuka, nikafunga dirisha, nikarudi kukaa. Jenereta la baba yake likawaka, yakafuatia ya jirani.

Plagi alikuwa ameacha kuchora. Alikuwa anautazama mkono wangu.

"Shangazi, umefunga dirisha kwa nini?"

Nilimuuliza kama ana homa. Amezaliwa mtaa huu.

"Mimi pia nafunga," akasema polepole. "Kule maabara. Umeme ukikatika tu, nafunga dirisha, sifikirii. Najifungia mimi. Mpira wa hewa uko nje."

Hakungoja nijibu. Alibeba mkoba wake akaondoka na chaki yangu mkononi.

Alichokikuta nyuma ya jengo lile alinisimulia kesho yake, akiwa amesimama mlangoni, hataki kuingia. Jenereta kubwa la chuo liko upande wa pili, na bomba lake la moshi zamani lilielekea ofisini. Sasa lilikuwa limekatwa, limeungwa kiwiko kipya kilichokaa vizuri, bila hata alama ya kuchomelea, na mdomo wake ulikuwa unatazama moja kwa moja pale mpira wake ulipotokea ukutani. Kila umeme ulipokatika, seli ilikuwa inameza moshi wa dizeli mdomo kwa mdomo. Salfa ya moshi inang'ang'ania kwenye platinamu na haitoki kirahisi, ndiyo maana seli ilikuwa inapata nafuu nusu nusu. Na kile kiwiko kilikuwa cha kijani.

Aliniuliza afanye nini. Nilimwambia kamwambie baba yako, na umwambie wima. Nikaenda naye, maana hili sikutaka kuhadithiwa.

Mdogo wangu alisikiliza bila kumkatiza. Binti alipofika kwenye rangi ya kijani, baba yake akaweka spana chini.

"Waliniambia upande ule hakuna watu," akasema. "Waliniambia ni stoo ya viti."

"Najua, baba. Hata mimi nilikwambia stoo ya viti tu, sikukwambia iko wapi."

Sijawahi kumwona mdogo wangu mnyonge namna ile. Alinawa mikono kwa sabuni ya unga, akarudia, akainawa tena. Kisha akasema asubuhi na mapema anakwenda kuligeuza bomba, wala hatadai hata nauli. Hakutaja makubaliano yao. Angeweza kunyamaza, asubiri seli ife, binti arudi, na hakufikiria hilo hata kwa dakika. Nilijivunia, lakini sikumwambia, maana huvimba kichwa haraka.

Plagi ndiye aliyetushangaza.

"Usiliguse," akasema. "Liache linielekee hivyo hivyo."

Baba yake alinitazama mimi, nami nikatazama dari. Plagi akaeleza kwamba bomba la chuo linaweza kugeuzwa, lakini mabomba ya mtaa wetu nani atayageuza? Seli ikija huku itakuta majenereta kila mlango. Kama haiwezi kupumua hapa, haina maana kwake. Profesa, alipoambiwa, alimuuliza swali moja tu, kama anajua muda uliobaki. Akasema anajua.

Basi akaanza upya, na safari hii adui alikuwa anamjua kwa sura. Alitengeneza kichujio cha mkaa, mkaa uliochomwa na kuoshwa kwa dawa mpaka ukawa na vitundu vya kunasa gesi chafu. Cha kwanza kililowa unyevu na kuiziba pampu. Cha pili kilipitisha moshi kama mlango wa sokoni. Cha tatu akakipanga kwa tabaka, mkaa wa chenga kubwa mbele na laini nyuma. Akabuni pia namna ya kuisafisha seli iliyokwisha kula moshi, kwa kuupandisha na kuushusha umeme wake mpaka sumu iachie. Mwenyewe alikuwa na jina refu la kitaalamu la kazi hiyo. Mimi niliita kuitapisha, na siku nilipomsikia akilitumia neno langu kwenye simu na profesa nilicheka peke yangu dukani.

Siku ya jopo ikafika. Mdogo wangu alikuwa amesema atakwenda, lakini asubuhi ile akapata kazi nyingi ghafla. Alikuwa anafungua kabureta ambayo jana yake alikuwa ameifungua. Nikakaa naye, nimevaa gauni langu jipya, hasira zimenipanda. Nilimwambia anaogopa. Akasema haogopi, ila hataki kuwa pale mtoto akishindwa, na hataki kuwa pale mtoto akishinda. Hilo lilikuwa jibu la ukweli, kwa hiyo nikaacha kumsumbua.

Simu yake ikalia. Mikono ilikuwa na oili, akaniambia nibonyeze mimi na niweke sauti kubwa.

"Baba, umeme umegoma kukatika," Plagi akasema.

Ndivyo ilivyokuwa. Umeme ambao hukatika tukipiga pasi, tukinyoa watu nusu kichwa, siku hiyo ulitulia kama mkwe. Mzee mmoja wa jopo alikuwa amesema wazi kwamba tasnifu inazungumzia moshi, na yeye haoni moshi. Walipoomba jenereta la chuo liwashwe, ofisi ikajibu kuwa haliwashwi umeme ukiwepo bila kibali, na mwenye kutoa kibali yuko safarini. Jopo lilikuwa linakunywa chai. Wakimaliza, wanaondoka.

"Niletee moshi, baba," akasema. "Mchafu kuliko wote ulio nao."

Mdogo wangu alisimama katikati ya karakana, akaniangalia. Kisha akavuta jenereta moja kongwe la dizeli, tukalipandisha kwenye pikapu ya jirani, wanaume wanne na mimi na gauni langu.

Tulipolishusha nyuma ya ile stoo akaliwasha, na likanguruma safi, moshi mwembamba hata haulifikii tundu. Aibu ya fundi mzuri. Mtu ambaye maisha yake yote ameondoa moshi kwenye mashine za watu sasa alitakiwa kuuweka. "Dada, nipe kitambaa," akasema, akiwa ameinama. Nilitoa kipande kilichobaki cha gauni langu mkobani. Akakisokomeza kwenye njia ya hewa ya jenereta, likakabwa, likabadilisha sauti, na wingu jeusi likatoka. Watu wa ofisini walichungulia madirishani. Mdogo wangu akavua koti lake akalifunika jina la karakana lililoandikwa kwenye tangi.

Tukaingia ndani. Jopo lote lilikuwa limeshakimbilia madirisha kuyafunga, maprofesa na shahada zao, sawasawa na mtaani kwetu. Mezani kulikuwa na taa mbili ndogo, kila moja na seli yake, na mipira miwili iliyotoka nje kukutana na moshi ule. Kwenye kompyuta kulikuwa na mistari miwili. Mistari yote ilikuwa imenyooka. Tukasimama tunaangalia.

Mstari mmoja ukaanza kulegea. Ukashuka taratibu, kisha ukashuka kwa pupa, na taa yake ikafifia, ikawa nyekundu, ikazimika.

Mdogo wangu aliruka. Nilidhani ameteleza. Alikuwa anakimbilia mlangoni, anasema kwa sauti ambayo haikuwa yake kwamba lizimwe, jenereta lizimwe, yeye ndiye aliyezidisha moshi, kosa siyo la mtoto.

"Baba, liache," Plagi akasema. Alikuwa ametulia kabisa. "Hiyo ni seli isiyo na kichujio. Yangu ni hii nyingine."

Taa ya pili ilikuwa inawaka. Mstari wake ulitikisika kidogo, ukainama, kisha ukanyooka, na ukaendelea kunyooka huku nje wingu likizidi. Plagi akaichomeka ile seli iliyokufa kwenye kichujio, akaanza kuitapisha mbele yao, umeme juu, umeme chini, anaeleza kila hatua. Taa yake ikarudi na wekundu, kisha na weupe. Yule mzee wa jopo akavua miwani, akaifuta, akaomba ahakikishe mwenyewe kuwa mipira inatoka nje kweli. Akaenda nyuma, akarudi anakohoa, suti imepata masizi. Akasema hana swali lingine.

Mdogo wangu alikuwa bado amesimama karibu na mlango. Akasogea mezani, akainamisha kichwa, akafumba jicho moja, akaweka sikio karibu na ile seli kama anavyofanya siku zote. Wasomi wote wakamsubiri.

Akainuka, akamtazama binti yake, halafu akawageukia wale maprofesa ingawa hakuna aliyemuuliza kitu.

"Hakijazimika," akasema.

Plagi ndiye aliyelia. Mimi nililia baadaye, nje, kwenye pikapu, na nilimwambia mdogo wangu kuwa ni moshi.

Amepita, tena kwa sifa, na sasa anasomea udaktari wa falsafa kwa profesa yule yule. Na mwaka huu walihitaji mahali pa kuzijaribu seli zao nje ya maabara, mahali pabaya kwa hewa. Plagi hakuumiza kichwa kutafuta. Nyuma ya maduka yetu sasa kuna sanduku la chuma lenye seli zilizopangwa kama vitabu, na juu ya paa kuna paneli za jua zinazopasua maji kupata haidrojeni. Linatosha safu yetu, karakana na duka langu na milango ya jirani. Mwenye kulihudumia, kubadilisha mkaa wake na kukaza boliti zake, ni mdogo wangu. Alifundishwa na binti yake na alikuwa mwanafunzi mbishi. Sanduku lilikuja la kijivu. Wiki ya pili likawa la kijani, na ule ubao juu ya mlango haujaguswa.

Juzi umeme ulikatika mchana. Plagi alikuwa dukani kwangu, anakula embe lililokatwa kwenye bakuli, miguu juu ya kiti. Ukutani hakukunguruma kitu. Upande wa pili mdogo wangu alikuwa anakula, na nilimsikia wifi yangu akimwambia kwa mshangao kuwa leo amemaliza sahani bila kusimama. Mteja wangu mmoja alitazama taa ikiwaka, akaniuliza kama umeme umerudi. Nikamwambia haujarudi, huu ni wa mtoto wetu.

Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye komeo. Miaka yote hiyo, mkono hauombi ruhusa.

"Shangazi," Plagi akasema, mdomo umejaa embe.

Nikaliacha dirisha wazi, nikarudi kwenye cherehani.